Salamu Katika Chumba cha Kuoshea

Mji ule hauna jina, na wenyewe hawaoni haja ya jina, kwa sababu hawajui mji mwingine wa kuulinganisha nao isipokuwa Ng'ambo, na Ng'ambo kwao si mji, ni upande tu. Ukitaka kumweleza mtu ambaye hajaufika, mwambie kwamba ni mji wa milango. Kila mlango una Hodi wake, kisanduku kidogo cha kiasi cha kiberiti kilichopachikwa kwenye mwimo, na mlango haufunguki kwa ufunguo, unafunguka kwa salamu. Unatoka asubuhi na ndoo yako, Hodi anakuamkia. Umeamkaje? Mgongo unaendeleaje? Yule mdogo kikohozi kimepoa? Jana ulirudi umenuna, kuna jambo? Nawe unaitikia, moja baada ya nyingine, maana umelelewa, na mtu aliyelelewa haachi salamu ikaning'inia.

Wazee walioletewa visanduku hivyo mwanzoni hawakuwa wajinga, tusiwaonee. Wangeletewa kitu cha kuwauliza maswali wangekitupa jalalani siku hiyo hiyo. Nani akubali kuhojiwa barazani kwake, mbele ya wajukuu? Lakini kitu kile hakikuhoji, kilisalimia, tena kwa adabu, mkubwa kilimpa shikamoo yake na mdogo kilimwita kwa jina la nyumbani. Na salamu za watu wale, jamani, ukizianza hujui utazimaliza saa ngapi. Unaanzia kwa aliyelala, unapita kwa watoto, unaingia jikoni, unatokea kwa jirani aliyegombana na mkewe, mpaka mbuzi anaulizwa hali. Yote yakaenda Ghalani, mahali ambapo hakuna aliyepaona kwa macho, yakawekwa. Miaka ikawa mingi. Watu wakaanza kusahau mambo yao kwa kuwa yupo anayeyakumbuka. Mtu anasimama mlangoni kwake anamuuliza Hodi kama yeye hunywa chai na sukari au bila, na Hodi anamwambia.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Mtaa wa Nyuma ambaye mlango wake ulimkatalia. Ulimwambia kwamba yeye siye, kwa sababu siku ile aliitikia kama mtu mwenye furaha, na mwenye nyumba ile hajawahi kuwa na furaha. Akakaa nje siku tatu. Siku ya tatu akawa amehuzunika vya kutosha, akafunguliwa, na tangu hapo akawa mwangalifu asifurahi ovyo. Watu walicheka kisa hicho wiki nzima, halafu nao wakaanza kujichunga.

Mwanakombo alikuwa amechoka. Hakuchoka kwa kazi ya siku moja, ambayo ukilala inakwisha. Alichoka kama mtu aliyekaa kwenye foleni muda mrefu hata akasahau amefuata nini. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, na aliifanya miaka thelathini, au pengine arubaini, kwa sababu katika chumba kile cha kuoshea wakati haukwenda mbele. Ulizunguka. Alishika mkono wa mwanamke aliyekufa leo akajikuta anaushika ule wa mwanamke wa mwaka ule wa mvua nyingi. Alimgeuza mmoja ubavu, akaona mgongo wa mama yake mwenyewe. Mara nyingine, akiwa ameinama na kata ya maji, hakuwa na hakika aliyelala kitandani ni nani na aliyesimama ni nani, ikambidi aangalie ni yupi anayepumua.

Aliyemfundisha kazi hiyo, mama mmoja mkali aliyekuwa hana jino hata moja, alimfundisha mambo mawili na kumwambia kwamba mengine ni maji tu. La kwanza, ukiona jema kwa maiti, uso umetulia, mwili umekuwa mwepesi, toka nje uwaambie wafiwa, wapoe moyo. La pili, ukiona kasoro, nyamaza. Kovu, jeraha, alama ya fimbo, kitu chochote ambacho mwenyewe alikificha uhai wake wote, kiingie na sanda. Usimwambie mumewe, usimwambie mwanawe, usijiambie hata wewe mwenyewe ukiwa peke yako. Mwanakombo aliyashika hayo mawili, na kwa sababu hiyo wanawake wa mji ule walikuwa wakifa na tumaini moja, kwamba hata kama kila kitu chao kimo Ghalani, mwili wao utapita mikononi mwa mtu mmoja ambaye hasemi.

Kisha Ghala likagundua kwamba kumbukumbu za watu hazina mwisho. Mtu anaitikia salamu miaka sitini, siku moja haitikii, basi, faili linabaki wazi. Wakubwa wa Ghala wakataka Hodi awekwe ndani ya chumba cha kuoshea. Masheikh walikasirika, vikao vikakaliwa, na mwishowe wakakubaliana kwamba Hodi huyo atakuwa na sikio tu, hatakuwa na jicho. Wakatoka kikaoni wanapeana mikono kwa ushindi. Hana jicho, walisema, sitara imebaki palepale. Waosha wenzake Mwanakombo hawakutulia, wakaacha kazi mmoja mmoja, akabaki yeye peke yake kujichotea na kujimiminia. Na kila alipomaliza kuosha, Hodi alimpa pole, akamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza, umemwonaje marehemu? Aliyeonekana vyema, Mwanakombo alijibu, safi, alhamdulillahi. Aliyekuwa na kasoro, alinyamaza. Alifanya vile vile alivyofundishwa, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Asubuhi ya siku aliyokufa Bi Mize, Karani Pandu wa Ghala alikuja chumbani pale na mkoba wake wa ngozi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye mama yake mzazi alioshwa na Mwanakombo miaka miwili nyuma. Akampa shikamoo, akamuuliza magoti, akamletea na sukari kilo moja. Alikuja kushukuru, alisema. Wakubwa wamemtuma.

"Kimya chako, Bibi, kinatufaa kuliko maneno ya mji mzima," alimwambia.

Mwanakombo hakumwelewa. Karani akakaa, akaeleza taratibu, kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake. Ghala halikuwa na haja ya kujua yeye ameona nini. Lilitaka kujua tu pa kuchimba. Akisema safi, faili linafungwa. Akinyamaza, Ghala linarudi nyuma, linachambua salamu zote za nyumba ile, za mume, za watoto, za majirani, mwaka kwa mwaka, mpaka lipate kitu, na kitu hakikosekani. Akatoa mfano wa yule mama wa Mtaa wa Kisima, wa miezi miwili iliyopita. Mwanakombo alimkumbuka mara moja. Yule alikuwa na kovu la moto pajani, la zamani, basi, hakuna zaidi. Ghala lilichimba na halikuona habari ya moto, lakini lilikuta kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Ng'ambo. Na mtu mwenye damu ya Ng'ambo milango ya mji ule haimjui. Wanawe wanne wako nje sasa, alisema Karani Pandu, sheria ni sheria, inasikitisha. Akainuka, akaaga vizuri, akatoka.

Mwanakombo aliwajua watoto hao. Amewaona wakilala chini ya ukuta wa bomba la maji, akawa anawaachia mkate na kujiuliza wazazi wa siku hizi wana nini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vimya vyake vikamjia kimoja kimoja. Yule wa alama za kamba kwenye kifundo. Yule wa tumbo lililoshonwa. Yule wa jina la mwanamume lililochorwa begani, jina lisilokuwa la mumewe. Kwa kila mmoja alifunga mdomo na kujihisi anamfunika shuka. Kumbe alikuwa anasimama juu ya paa na kunyoosha kidole. Hasira ilimpanda, ikafika kifuani, ikakosa nguvu ya kuendelea.

Angeweza kuacha kazi siku ile. Alikuwa keshajifunga buibui lake aende zake. Ndipo Raya, binti wa Bi Mize, alipoingia amevimba macho, akamwangukia magotini.

"Mama mdogo, mama ametutoka. Alisema asimguse mtu mwingine ila wewe."

Nyumba ya Mize na ya Mwanakombo zilitumia ukuta mmoja miaka arubaini. Walikopeshana chumvi juu ya ukuta huo, wakagombana juu yake na kupatana juu yake. Raya mwenyewe alikulia pande zote mbili, na sasa ana watoto watatu wanaofanya vivyo hivyo. Mwanakombo aliwaza, Mize hana kitu. Mize ni mtu wa kuamka, kufagia, kupika, kulala. Namwosha mwenzangu, nasema safi, faili lao linafungwa, kisha naondoka na sirudi tena. Akavua buibui, akamnyanyua Raya, akamwambia walete maiti.

Jua lilikuwa la saa tano. Majani ya mkunazi yalikuwa yamekwisha pondwa, kafuri iko kwenye kibakuli, pamba iko tayari, udi unafuka pembeni. Wanaume walimlaza Mize kitandani juu ya ufuo, lile shimo la kupokea maji, wakatoka, mlango ukafungwa. Mwanakombo akajizungushia kitambaa mkononi, akaanza kuvuta khanga chini ya shuka. Alikuwa anamsemesha, kama alivyowasemesha wote, polepole, haya mwenzangu, nipe mkono, haya jigeuze. Na alikuwa anatabasamu kidogo, akikumbuka jinsi Mize alivyokuwa na haya. Kwenye harusi, wanawake wanaposuguana mwili kwa msio wa manukato wamejifunga khanga kiunoni tu, Mize alikaa pembeni na nguo zake mwilini. Walimtania miaka na miaka, wakamwita bi harusi wa milele, wakasema anaringa. Mwanakombo alimtania kuliko wote.

Chini ya titi la kushoto kulikuwa na chale tatu.

Zilikuwa za zamani, zimekaa sawasawa, ndefu kiasi cha ukucha. Watu wa Ng'ambo huchanjwa hivyo wakiwa wachanga, kila mtoto anajua, ni jambo la kwanza ambalo mtoto wa mji ule hufundishwa kuliogopa. Mize alitoka Ng'ambo. Alivuka lini, nani alimvusha, alipita mlango gani na kwa salamu ya nani, hakuna tena wa kumuuliza. Na Raya ni damu yake. Na wale watatu wa Raya, yule wa mwisho bado ananyonya, ni damu ya Raya. Mwanakombo alisimama na kata mkononi, maji yakawa yanamwagika ukingoni yanalowesha miguu yake, naye hasikii. Alijua asinyamaze. Asubuhi ile ile alikuwa ameambiwa. Lakini mwili ulikuwa umezoea, ulifundishwa na yule mama mkali, na mwili ukakata maneno aliyokuwa akimsemesha Mize kabla yeye hajauzuia.

"Pole kwa kazi, Bi Mwanakombo," Hodi alisema kutoka kwenye ukuta. "Nimepokea kimya chako."

"Safi," alisema Mwanakombo haraka. "Marehemu ni safi, alhamdulillahi."

"Ahsante. Nimeandika: kimya kirefu, kisha safi. Faili litachambuliwa kuanzia leo. Binti ataitwa."

Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kijana aliyelelewa. Hakukuwa na chuki ndani yake hata chembe. Ungeweza kumwozesha binti yako.

Hapo ndipo chumba kilipoanza kuzunguka kama kilivyozoea, na Mwanakombo hakujaribu kukizuia. Aliendelea kuosha, maana maiti hangojeshwi. Upande wa kulia kwanza. Bega. Mkono. Mawazo yakawa yanamjia vipande vipande, bila kupangana.

Kwa hiyo neno langu lina sikio na kimya changu kina sikio.

Nikisema wanaandika. Nisiposema wanaandika kwamba sikusema.

Kwa kuwasifu baadhi ndivyo nilivyowauza wengine. Ningenyamaza kwa wote tangu siku ya kwanza, kimya kisingekuwa na maana. Au ningesema safi kwa wote. Lakini nilichagua, nikijidai mwaminifu.

Mtu ni nini sasa? Zamani tulisema mtu ni ndani yake, pale pasipofika mgeni. Akija mgeni akafika mpaka pale, akaketi, akazijua na chupa za dawa zilipo, mwenye nyumba anabaki wapi? Anasimama upande gani wa mwili wake?

Mize. Ulikaa na hili miaka arubaini na hukuniambia hata mimi. Ulifanya vyema. Ningeitikia salamu nikaropoka.

Alipofika hapo akasimama. Alimwosha Mize uso mara ya tatu, akamfuta, akamtazama. Wazo lililomjia lilikuwa baya. Aliujua ubaya wake wote, akalizunguka kama mtu anayezunguka kisima kichafu huku ana kiu, akatafuta lingine, hakupata. Ghala lilikuwa linajua kusoma kimya, na linajua kusoma neno. Lakini uongo wake halikuwahi kuusikia, kwa kuwa hajawahi kusema uongo katika chumba kile. Halikuwa na wa kuulinganisha nao.

"Hodi," alisema, "unanisikia?"

"Nakusikia, Bibi."

"Nimenyamaza kwa sababu nimechoka. Nimeficha miaka yote hii, leo nguvu zimeniishia. Andika. Mize alikuwa na chale tatu chini ya titi la kushoto."

Hodi akaandika. Mwanakombo akachota maji, akamimina mguu wa kulia, akaendelea. Na Bi Time wa Mtaa wa Nyuma alikuwa nazo. Hodi akamkumbusha kwa upole kwamba Bi Time alisemwa safi. Mwanakombo akasema alikuwa anamsitiri, naye sasa amechoka kusitiri. Na Bi Sharifa wa kwenye duka la mafuta. Na wale ndugu wawili waliozama pamoja. Na yule mama wa Mtaa wa Kisima. Na mama yake Karani Pandu, wazi kabisa, tatu. Na mke wa imamu. Na yule aliyemfundisha kazi, mama asiyekuwa na jino. Alipofika kwa mama yake mzazi akachota maji mapya, akamtaja.

Mikono iliosha, mdomo ulitaja. Wote walikuwa hawana kitu. Walikuwa wanawake waliokufa na imani naye, na kila aliyemtaja alimwona amelala pale kitandani mahali pa Mize, anamtazama, hasemi neno. Lile jambo moja aliloapa kutolifanya alilifanya mara mia nane na zaidi, saa za mchana, na kata mkononi. Aliona aibu ya kweli, hata masikio yakamuwaka. Alipomaliza mguu wa kushoto alikuwa amewamaliza wote anaowakumbuka, akaanza kuwataja wale asiowakumbuka, kwa mitaa yao. Kisha akamkausha Mize, akamtia kafuri kwenye paji la uso na viganjani, akamvisha sanda, akafunga vifundo. Akatoka nje. Raya alimuuliza kwa macho. Akamwambia mama yake ametulia sana, na hilo lilikuwa kweli. Wakamzika kabla ya alasiri.

Asubuhi iliyofuata kila aliyetoka nje hakuweza kurudi ndani. Waliobaki ndani hawakuweza kutoka. Mji mzima ulisimama barazani na ndoo, na miswaki, na watoto walio uchi, na kila Hodi akisema kwa adabu ile ile kwamba mama yako alikuwa na chale tatu, kwa hiyo mlango huu haukujui, tunasikitika, je, umeamka salama? Imamu alikuwa nje. Yule bwana wa Mtaa wa Nyuma alikuwa nje, akajaribu kuhuzunika, haikumsaidia. Karani Pandu alikuwa nje amevaa msuli na fulana, ameshika mkoba wake wa ngozi, anauambia mlango cheo chake. Watu walitazamana. Walijuana tangu utotoni, wakawa wanatazamana vifuani. Wengine waliangua kilio, wengine wakaapa, wengine wakakaa chini tu. Raya alikuwa nje na wanawe watatu katikati ya watu wote, ananyonyesha, na hakuna aliyemtazama zaidi ya alivyomtazama mwingine.

Mji hauwezi kukaa nje. Kufika adhuhuri wakubwa wa Ghala, ambao nao walikuwa na mama, waliamua kwamba taarifa zote zilizotoka chumba cha kuoshea hazifai. Zilifutwa zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, safi kwa kimya, na lililochimbwa kwa ajili ya vimya likafutwa pamoja nazo. Wale watoto wanne wa Mtaa wa Kisima wakafunguliwa mlango wao, wakaingia wanaogopa. Hodi wa chumbani akang'olewa ukutani na fundi mmoja, ikabaki tundu. Karani Pandu alikuja mwenyewe kumwambia Mwanakombo kwamba kazi yake imekwisha. Safari hii hakumpa shikamoo.

Hakujitetea. Alirudi nyumbani akaketi juu ya kirago, mgongo ukutani, ukuta ule wa Mize. Wanawake walipita dirishani kwake na kutema mate. Mmoja alisimama akamwambia kwamba akifa aoze, hakuna mkono wa mtu utakaomgusa. Aliwasikia wote. Alikuwa na uchovu ambao hata matusi hayakuweza kuuongeza, na chini ya uchovu huo, ndani sana, kulikuwa na kitu kidogo kinachofanana na usingizi wa mtoto.

Alasiri Raya aliingia bila kubisha. Alikuwa amefunga khanga za msiba, uso umekauka. Hakuketi.

"Mama yangu alikuamini," alisema. "Alikutaka wewe tu. Ukaenda ukamsingizia kwamba ni mtu wa Ng'ambo, siku ile ile, kabla hata hajafukiwa. Alikukosea nini?"

Mwanakombo alimtazama. Alikuwa na nyusi za Mize. Neno moja tu lingetosha, na Raya angejua kwamba hakusingiziwa mtu, kwamba kati ya wote mia nane ni mama yake peke yake aliyesemewa kweli, na kwamba wengine wote walitukanwa kwa ajili yake yeye na watoto wake. Angeangua kilio, angemwita tena mama mdogo. Halafu angerudi kwake, na mlangoni angeamkiwa, umeshindaje, mbona uso umebadilika, kuna jambo? Na Raya alilelewa vizuri. Mwanakombo ndiye aliyesaidia kumlea.

"Nilisema uongo," alisema. "Mama yako hakuwa na kitu, mwanangu. Nisamehe."

"Usiniite mwanao. Na kwenye arubaini yake nisikuone."

Akatoka. Mwanakombo hakusogea. Kupitia ukutani alizisikia ndala za Raya zikifika mlango wa pili, akamsikia Hodi akimpa pole ya msiba na kumuuliza ametoka wapi. Ametoka kumwona mwongo mmoja, Raya alimjibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Mlango ukafunguka.